Mgeni akifurushwa, deni la samaki hulipwa na nani?

Bibi mmoja jirani yangu hapa Malindi huuza samaki kwenye hoteli na nyumba za wageni za upande wa Casuarina. Ana daftari la bluu la jalada gumu, kingo zake zimelainika kwa maji ya barafu. Kila mzigo una mstari wake: tarehe, aina ya samaki, kilo, bei, sahihi ya aliyepokea jikoni. Kolekole kilo 12. Ngisi kilo 6. Kamba kilo 4. Jumamosi ina mistari miwili, kwa sababu Jumamosi wageni huwa wengi. Nilipolifungua, kurasa tatu za mwisho zilikuwa za nyumba moja tu, na chini kabisa jumla yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: shilingi 86,400.

Pesa hizo hajaziona. Maofisa wa uhamiaji walifika asubuhi wakamchukua mwenye nyumba hiyo, mgeni kutoka ng'ambo, kwa kuwa kibali alichokuwa nacho hakikumruhusu kufanya biashara. Haukupita muda tukasikia amerudishwa kwao. Lango likafungwa. Mpishi, wasichana wawili wa vyumba, mtunza bustani na askari wa usiku wakabaki nje, askari ameshika funguo na hajui amkabidhi nani.

Bibi yule akaniuliza: "Mwanangu, si serikali ndiyo iliyomwondoa? Basi si serikali ndiyo itakayonilipa?"

Swali hilo nimelisikia kwa wengi. Dereva wa tuktuk aliyekuwa amepatana kwa mdomo kuwabeba wageni kutoka uwanja wa ndege analo. Dobi analo. Kijana wa vinyago analo. Naona tabu yote inatokana na maneno matatu tunayoyatia chungu kimoja: haki, fidia na msaada. Haki ni ile unayomdai yule aliyekula samaki wako. Fidia ni ile unayoidai serikali ilipokukosea. Msaada ni ule ambao serikali huamua kuutoa, na isipoamua huna wa kumshtaki. Kila moja ina mlango wake, na anayebisha mlango usio wake hupoteza miezi huku madeni yake mwenyewe yakimngoja nyumbani.

Sheria humtazama mtu mmoja

Tuanze na aliyechukuliwa. Mambo haya yanatawaliwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, na vibali vyake si vya aina moja. Anayetaka kufungua biashara huomba kibali cha daraja la G, na miongoni mwa masharti yake ni mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Anayeajiriwa huombewa daraja la D. Kisha kuna daraja la K, la mtu mwenye umri usiopungua miaka 35 na kipato chake cha uhakika, pensheni kwa mfano, anayetaka kuishi tu. Huyo huahidi kutochukua kazi ya malipo. Na kuna mgeni wa matembezi, ambaye tangu Januari 2024 huingia kwa idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni badala ya viza.

Malindi ina wote hao. Waitaliano walizoeana na sehemu hizi tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo cha kurushia roketi cha San Marco baharini karibu na Ngomeni, mahali iliporushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Walikuja wahandisi, wakafuata watalii, wakafuata wastaafu, wakafuata wenye mikahawa. Leo muuza nyanya wa sokoni hutaja bei kwa Kiitaliano bila kufikiri. Wengi wao wana makaratasi yaliyonyooka, na kuna watoto wengi mjini waliosomeshwa kwa mishahara yao. Wapo pia walioingia kwa kibali cha kuishi tu, kisha chumba cha kumlaza rafiki kikawa vyumba viwili vya kukodisha, vikawa sita vyenye mpishi. Hapo ndipo msako unapowakuta. Kifungu cha 53 cha sheria hiyo kinaweka faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na nyuma yake kuna kuondolewa nchini.

Sina ugomvi na sheria hiyo. Nchi ina haki ya kujua nani anafanya biashara ndani yake, na mwenyeji anayelipa leseni kila mwaka asishindanishwe na mtu asiyelipa. Uchungu wangu uko mahali sheria inapokomea. Ofisa anayeingia langoni ametumwa jambo moja: kibali, kipo au hakipo. Kama jikoni kuna mtu anayedai mshahara wa miezi miwili, au nje kuna mama amekaa juu ya kreti anangoja pesa za ngisi, hilo si la ofisa yule, na wala si la ofisa mwingine yeyote atakayefuata. Mtu huondoka kwa siku chache. Wanaomdai hawajulikani hata idadi yao.

Deni halipandi ndege

Habari njema, na nilimwambia bibi hivyo, ni kwamba kufurushwa kwa mtu hakufuti deni lake. Mali yake inabaki na deni linabaki. Kazi ni kujua unamdai nani hasa. Ulikuwa ukimuuzia mtu, au ukiiuzia kampuni? Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Haina pasipoti na haifurushwi. Kama nyumba ile iliendeshwa kwa jina la kampuni, kampuni ingali hai hata mkurugenzi wake akiwa Milano, na mara nyingi ina mkurugenzi au mwanahisa Mkenya ambaye hakwenda popote. Upekuzi wa kampuni hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, na hukupa majina hayo.

Ardhi nayo ina rejista. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hivyo kiwanja kile ama kina jina lake kama mpangaji wa muda mrefu, ama kina jina la mtu mwingine. Jina lolote litakalotoka, hapo umeshika ncha ya uzi.

Kwa mdai kama bibi yule, mlango ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mauzo ya bidhaa na huduma yamo katika yale iliyopewa kuamua. Unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iliposajiliwa, na mahakama haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi zinazowatisha watu. Hapo ndipo daftari la bluu linapopata thamani yake.

Tulikaa naye jioni moja barazani, daftari kwenye paja lake, mimi nikiwa na taarifa zake za M-Pesa zilizochapishwa. Tukafuatisha mstari kwa mstari. Kwa miezi minane, kila Jumatatu kulikuwa na malipo kutoka namba ile ile, na kila malipo yalilingana na jumla ya wiki iliyotangulia, shilingi kwa shilingi. Kisha Jumatatu zikakoma, daftari likaendelea. Mtu yeyote mwenye macho angeona kilichotokea. Ila tuliona pia mistari tisa isiyo na sahihi. Nikamuuliza. "Mpokeaji alikuwa ndani," akasema, "akaniambia nenda tu, nitaandika kesho." Mistari hiyo tisa ni shilingi 19,200, na ndiyo itakayobishaniwa.

Wafanyakazi wana njia tofauti, na watu wengi hupotea hapa. Mahakama ya Madai Madogo haina mamlaka juu ya migogoro ya ajira. Wao huanza kwa afisa wa leba, au huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa hapa Malindi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inawapa zaidi ya wanavyodhani. Siku walizofanya kazi lazima zilipwe. Likizo ambayo haikuchukuliwa hulipwa. Na kama kazi imekwisha bila kosa la mfanyakazi, hoja ya kifungu cha 40 inafunguka: notisi ya mwezi mmoja, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Askari yule amelinda lango miaka 11. Piga hesabu.

"Lakini hatukuandikiana," mpishi akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Sheria hiyo hiyo inasema kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri. Asipoweza kuutoa mahakamani, mzigo wa kupinga maneno ya mfanyakazi unamwangukia yeye. Kutoandikiana hakumpunguzii mpishi haki yake. Na kibali cha mwajiri kuwa kibovu hakumfanyi mpishi Mkenya kuwa mkosaji. Kitu cha kuogopa ni kalenda: madai ya ajira hufungwa baada ya miaka 3.

Kuna jambo moja la haraka ambalo ningependa kila mdai alijue kabla ya siku ya msako. Mtu aliyekamatwa, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Akishtakiwa kwa kosa la uhamiaji, kuna siku anasimama hadharani mbele ya hakimu. Muda huo, kabla ya ndege, ndio wa dhahabu. Kanuni za Mashauri ya Madai, katika Agizo la 39, zinairuhusu mahakama kumtaka mdaiwa anayekaribia kuondoka nchini aweke dhamana ya deni, au kuizuia mali yake kabla ya hukumu. Wakili mmoja, ombi moja lenye cheti cha dharura, wadai kumi wakichangiana ada. Nimeona watu wakisubiri nje ya kituo cha polisi siku nzima wakitumaini kumwona bosi wao azungumze nao. Siku ile ile wangekuwa wamekwisha wasilisha ombi.

Lamu ilishinda kwa hoja gani

Sasa fidia. Watu wa Malindi hupenda kuniambia: "Mbona wavuvi wa Lamu walilipwa?" Wana sababu ya kuuliza, kwa kuwa kesi ile ilisikizwa katika Mahakama Kuu ya Malindi, na watu waliwaona wazee wa Lamu wakija na kurudi kwa mabasi miaka nenda miaka rudi.

Mohamed Ali Baadi na wenzake waliishtaki Serikali kwa sababu ya bandari ya Lamu inayojengwa chini ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Kuchimba mkondo na kujenga gati kungeharibu mikoko, matumbawe na maeneo waliyovua mababu zao, na walikuwa hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu ilitoka mwishoni mwa Aprili 2018. Mahakama ikasema haki zao za uvuvi wa jadi, utamaduni wao, haki ya mazingira safi na haki ya kupata habari vimekiukwa, ikaamuru kiasi cha wavuvi 4,600 walipwe fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76.

Tazama hoja iliyoshinda. Hawakusema tu kwamba riziki imepungua. Walithibitisha kwamba Serikali yenyewe ilifanya jambo, ikalifanya kinyume cha Katiba, na jambo hilo likawanyang'anya kitu ambacho sheria inakihesabu kuwa chao. Nguzo hizo zote zilisimama pamoja. Ukitoa ile ya katikati, fidia inaanguka.

Ndiyo maana bibi yule hawezi kuidai Serikali fidia kwa msako uliofanywa kwa mujibu wa sheria, hata kama umemuumiza sawasawa na wavuvi wale. Aliyemnyima pesa zake, kisheria, ni yule aliyekula samaki. Mambo yanageuka pale msako wenyewe unapokosewa. Maofisa wakivunja stoo ya mtu asiyehusika, wakichukua bidhaa za mfanyabiashara Mkenya zilizokuwa humo, wakimfunga mtu mwenye kibali halali kwa kuwa sura yake ni ya Kisomali au lafudhi yake ni ya Pemba, basi nguzo ya katikati imesimama. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa njia halali, ya busara na ya haki, na kifungu cha 23 kinaitaja fidia miongoni mwa nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa. Tumeyaona makosa ya namna hiyo kwa wingi. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, watu kwa maelfu walikamatwa Eastleigh jijini Nairobi, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wakaguliwe vitambulisho. Miongoni mwao walikuwamo raia. Maduka yaliyokuwa yakijaa tangu alfajiri yakakosa wateja, kwa sababu mteja na mwenye duka wote waliogopa barabara.

Nisiwape watu tamaa ya bure, pia. Hata Lamu, hukumu haikuwa pesa mkononi. Yalifuata mazungumzo ya nje ya mahakama, na makubaliano kwamba sehemu kubwa itolewe kwa njia ya vifaa na miradi ya uvuvi na sehemu ndogo iwe taslimu. Meli zilianza kutia nanga kwenye gati la kwanza Mei 2021, na wavuvi bado walikuwa wakiuliza zamu yao itafika lini. Fidia ni safari ya miaka. Mwenye deni la kurasa tatu hana miaka hiyo.

Msaada ni uamuzi wa mtu mezani

Ukija kwenye msaada, jambo la kwanza la kuuliza ni serikali ipi. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeupa uhamiaji Serikali ya Taifa. Jedwali hilo hilo limeipa kaunti maendeleo ya biashara, masoko, leseni za biashara, utalii wa mahali na vyama vya ushirika. Kwa hivyo Kaunti ya Kilifi haiwezi kuusimamisha msako hata kidogo, lakini kidonda cha msako kinaangukia kwenye meza yake. Anayepiga ni mmoja, anayetakiwa kuuguza ni mwingine.

Hali hiyo si yetu peke yetu. Marekani, ambako misako ya wahamiaji hufanywa na serikali ya shirikisho, ina visa vinavyofanana na vyetu kuliko tunavyodhani. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa waliingia kiwanda cha nyama cha Agriprocessors katika mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa, wakawakamata wafanyakazi 389. Mji mzima ulikuwa na watu elfu mbili na ushei. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kilikuwa kimeomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, na maduka na nyumba za kupanga zilizoishi kwa mishahara ile zikabaki tupu. Mwaka 2025, misako ilipoanza Los Angeles tarehe 6 Juni, wateja walitoweka katika mitaa yenye wahamiaji wengi, na amri ya kutotoka nje usiku ikayafunga maduka ya katikati ya jiji mapema. Safari hii kaunti haikungoja serikali kuu. Ilifungua mfuko wa ruzuku ndogo kwa biashara zilizoathirika, na tarehe 14 Oktoba wasimamizi wake wakapiga kura 4 kwa 1 kutangaza hali ya dharura, jambo lililowafungulia njia ya kuwasaidia wapangaji walioshindwa kodi. Hawakuwa na mamlaka juu ya uhamiaji. Walitumia mamlaka waliyokuwa nayo.

Sisi tumewahi kutoa msaada wa dharura, na tuliutoa kwa haraka. Mwaka 2020, ndege za kutoka Italia ziliposimama na Malindi ikanyamaza kama siku ya msiba, Serikali ilishusha ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwezi Mei ikatangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake hoteli zilitengewa bilioni 2 kupitia Shirika la Fedha za Utalii. Lakini zilikuwa mikopo nafuu, na mkopo humfikia mwenye hesabu zilizokaguliwa na hati ya dhamana. Mama wa samaki alipata nafuu kwa mzunguko tu, hoteli ikifunguka. Kama haikufunguka, hakupata.

Kosa hilo la kuuita mkopo msaada limetuganda. Ukienda leo ofisini na shida kama ya bibi yule, utaelekezwa Hustler Fund. Mfuko huo ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wake wa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe ndani ya siku 14. Au utaelekezwa mifuko ya wanawake na vijana, au ule wa Mbegu wa kaunti yetu. Yote ina kazi yake, na nimeona mtu akianzia hapo akafika mbali. Ila mtu ambaye pesa zake 86,400 zimekwama kwa mwingine hana upungufu wa mikopo. Tayari anadaiwa: na wavuvi waliompa samaki kwenye diko, pale mashua zinapofikia, kwa mali kauli ya kulipa baadaye, na mwenye barafu, na mwenye pikipiki. Kumwongezea deni la siku 14 ni kumtwika gunia juu ya gunia.

Kaunti ina vitu vya kufanya visivyohitaji mabilioni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kusamehe ada na tozo za kaunti kwa utaratibu uliowekwa, na Katiba inataka msamaha huo uwekwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu zake. Leseni ya mwaka, kodi ya kibanda na ushuru wa soko wa miezi mitatu ni pesa halisi kwa mchuuzi. Sheria hiyo hiyo inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura kwa idhini ya bunge la kaunti, kwa ajili ya haja isiyotarajiwa inayotishia maisha au ustawi wa watu. Tumezoea kuifikiria dharura kuwa mafuriko ya mto Sabaki. Neno ustawi limo katika sheria, na nyumba tano zilizopoteza mishahara kwa asubuhi moja ni ustawi.

Mambo haya huombwa kwa wakati wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Vikao vya maoni ya wananchi hufanyika karibu na tarehe hizo. Nimehudhuria, nikakuta viti vya nyuma vitupu na barabara na madaraja yametajwa mara arobaini. Sijamsikia mtu akisimama kusema: tunataka leseni isamehewe pale mwajiri wa eneo anapofungwa kwa amri ya serikali. Wenye daftari za bluu hawajui kwamba kikao kile ni chao.

Wakati mwingine msaada mkubwa kuliko pesa ni karatasi. Wapemba walikuwa kwenye fuo zetu, kuanzia Kwale hadi Ngomeni, kwa vizazi kadhaa. Watoto wao walizaliwa hapa, wakavua hapa, wakazikwa hapa, na kila msako ulipopita walijificha vichakani na mitego yao ikabaki baharini. Bila kitambulisho mtu hakati leseni ya uvuvi, hafungui akaunti, na laini ya simu anayopokelea malipo ni ya jina la mwingine. Mwaka 2023 Serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya Kenya. Tajiri mmoja wa samaki aliniambia kwamba tangu hapo hajawahi kuamka akakuta diko halina watu. Hakuna ruzuku ambayo ingefanya hivyo.

Na pigo hili linakuja kwa pande zote mbili za mpaka. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji wa watalii. Wapwani wengi tuna ndugu Tanga. Jamaa anayefunga kibanda chake huko ana watu waliokuwa wakimdai, kama ambavyo mgeni wetu alikuwa nao hapa.

Ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja tu kwa Serikali ya Taifa, nisingeomba mfuko. Ningeomba siku 7. Kabla mtu mwenye biashara hajapandishwa ndege, tangazo libandikwe langoni na kwenye ofisi ya chifu kwamba anayemdai fulani ajitokeze. Afisa wa leba aitwe aandike mishahara. Mali ihesabiwe mbele ya mashahidi. Msako usingedhoofika kwa hilo. Aliyekosea angeondoka vile vile, isipokuwa angeondoka akiwa amehesabiana na watu.

Madai ya bibi yamesajiliwa. Mpishi alikubali kwenda kuthibitisha sahihi zake, na ile mistari tisa ataieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Jumatatu iliyopita bibi alinipa daftari jipya nimpigie mistari. Nikapiga safu tano kama la zamani. Akatikisa kichwa, akaniambia niongeze ya sita, pana, ya kuandika jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni iliyobandikwa ukutani.

"Na wakikataa kuandika?" nikamuuliza.

"Hawateremki samaki," akasema, akafunika kikapu.